Kumtafsiria Ma'mkubwa habari za Hera

Wiki tatu zilizopita, Jumatano, umeme ulirudi saa mbili na nusu usiku. Flashi ilikuwa mezani tangu mchana. Kijana wetu alitozwa shilingi 2,000 na jamaa wa barabara ya pili anayeingiza muvi, msimu mzima wa kwanza wa katuni ya Blood of Zeus, sehemu nane. Mimi nilikuwa na mashati kumi na mawili ya sare yakisubiri vifungo, kazi inayotaka jicho moja tu, la pili linaweza kuangalia katuni. Basi tukakaa sebuleni watatu: mimi na sindano yangu, kijana wa kidato cha pili, na Ma'mkubwa kwenye kiti chake cha kamba, mguu unaovimba umepandishwa juu ya stuli.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: Ma'mkubwa ni mke wa marehemu baba yangu. Mama yangu ni mwingine, wa Pangani. Alipofariki nilikuwa na miaka tisa, nikaletwa hapa Ngamiani, Tanga, na begi moja na kuku aliyefungwa miguu, ambaye bibi alisema niwape wenye nyumba. Ma'mkubwa alimpokea kuku.

Huyo kijana ni mjukuu wake, mtoto wa dada yangu wa kwa baba anayefanya kazi Dar. Kwangu ananiita mama mdogo. Kiingereza cha kwenye katuni anakifuata vizuri, ila bibi yake hakifuati, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikanidondokea mimi.

Neno la kwanza tu likanikwamisha. "Inahusu nini hii?" Nikasema inahusu miungu ya Wagiriki wa kale. Tasbihi ikasimama. "Astaghfirullah. Weye, Mungu ana wingi?" Nikafikiri kidogo, nikamwambia awachukulie kama majini. Akatulia, tasbihi ikaendelea.

Nilisema vile ili tuendelee kuangalia, lakini tangu siku ile naona niligonga penyewe. Majini sisi tunawajua. Jini huoa, huona wivu, hudai haki yake, hukasirika ukimwaga maji ya moto uani usiku bila kutahadhari. Yupo mwema, na huyo mwema naye ukimuudhi utamtafuta mganga. Pale mapangoni Amboni watu mpaka leo huacha sadaka kuomba uzazi, na sijasikia mtu akiuliza kama aliyemo humo ana tabia nzuri. Wanauliza anataka nini. Wagiriki nao waliishi hivyo na miungu yao. Wakichinja ng'ombe kwa ajili ya Poseidon, mungu wa bahari, hawakuwa wanamsifu kwa uadilifu. Walikuwa na safari ya baharini kesho yake.

Si kwamba wote walikuwa wameridhika. Xenophanes, mwanafalsafa wao wa kama miaka 2,500 iliyopita, alilalamika kwamba washairi wao wakubwa, Homer na Hesiod, wamewabebesha miungu kila aibu ya binadamu: wizi, uzinzi, kudanganyana. Huyo huyo ndiye aliyesema ng'ombe na farasi na simba wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye sura za ng'ombe na farasi na simba. Nilimkumbuka Xenophanes pale Zeus, mkubwa wa miungu hao, alipotokea kwenye skrini. Studio iliyomchora iko Austin, Texas, na Zeus wao ana kifua cha mtu anayelipia jimu kila mwezi.

Hadithi yenyewe kwa kifupi. Heron ni kijana maskini anayeishi na mama yake, Electra. Kijiji kizima kimewatenga kwa sababu baba hajulikani. Baba ni Zeus. Electra alikuwa malkia wa Korintho, na Zeus alimwendea usiku kwa sura ya mumewe, mfalme. Wakazaliwa pacha, mmoja wa Zeus, mwingine wa mfalme. Hera, mke wa Zeus, alipogundua, moto ukawaka mbinguni na duniani. Waandishi wake, ndugu wawili wa ukoo wa Parlapanides, wameitunga kana kwamba ni hekaya iliyopotea, na kweli Heron humkuti kwenye vitabu vya kale. Lakini ile hila ya kujivika sura ya mume ni ya zamani sana. Ndivyo alivyozaliwa Herakles, shujaa wao mkubwa: Alkmene alidhani mumewe Amphitryon karudi kutoka vitani, kumbe ni Zeus. Na hapo pia palizaliwa wawili, Herakles wa Zeus na Iphikles wa mume.

Hapo kwenye kutafsiri nikahitaji neno la kumwita Heron. Nikaanza, "Huyu ni mtoto wa... wa..." Uzi ukanikatikia. Ma'mkubwa hakuyatoa macho kwenye runinga. "Sema tu. Mwanaharamu. Nimelitaja mie mara nyingi kuliko weye."

Nikalisema. Tukaendelea.

Kuna kitu katuni hii imekipatia ambacho sikukitegemea kwenye katuni. Heron ana rafiki, mzee mmoja anaitwa Elias, mkarimu, anamtembelea, anampa ushauri. Elias ni Zeus aliyejigeuza. Kijana wetu alifurahi: "Kumbe baba yake alikuwa naye muda wote!" Mimi niliweka shati chini. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mkonge. Akipita Pangani alikuwa akisimama kwa bibi na mfuko wa machungwa ya Muheza, ananipakata, ananiuliza hesabu, na mbele za watu naambiwa, "Msalimie mjomba." Miaka tisa alikuwa mjomba. Kutoka Pangani hadi hapa ni kilomita kama 50 tu. Machungwa yalikuwa matamu, sisemi uongo. Lakini waliochora uso wa Elias wameufanya wa upole mtupu, na muziki wa chini chini unakwambia umpende. Mimi ningependa kuuona uso wa Heron siku ya kwanza alipohesabu miaka.

Na Hera je? Katuni ya kwanza kuiona maishani mwangu, kwenye deki ya jirani, ilikuwa ile ya Disney ya mwaka 1997, Hercules, ndiye huyo huyo Herakles. Humo Hera ni mama mzazi, mpole, amembeba mwanawe kama kila mama. Mbaya ni Hades. Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma maktaba ya mkoa kwa sababu kulikuwa na feni, nikakutana na hadithi yenyewe, nikacheka peke yangu mpaka mlezi wa maktaba akanitazama. Hera si mama wa Herakles hata kidogo. Hera ndiye aliyepeleka nyoka wawili kitandani mwa mtoto. Hera ndiye aliyempandisha wazimu ukubwani, akaua watoto wake mwenyewe, na zile kazi kumi na mbili alizifanya akijitakasa na damu hiyo. Disney wasingeweza kuwaonyesha watoto baba wa mbinguni aliyezaa nje, basi mke aliyekosewa wakamfanya mama, na nafasi ya shetani ikabaki wazi, wakamkodisha Hades. Masikini Hades, ambaye kwa Wagiriki wala hakuwa mwovu. Ndugu watatu walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, yeye akaangukia kwa wafu. Ni kama kupangiwa kituo cha kazi kijijini kusikofikika masika.

Ajabu kubwa zaidi ni jina. Herakles maana yake ni utukufu wa Hera. Yupo msimulizi wa kale anayesema jina lake la kwanza lilikuwa jingine, na hili alipewa Delphi, kwenye hekalu la utabiri. Mtoto anayechukiwa kuliko wote anatembea dunia nzima na jina la anayemchukia. Nikimweleza mtu wa nje jambo hili hushangaa. Mimi siwezi kushangaa. Ma'mkubwa aliuza vitumbua kwenye kona yetu zaidi ya miaka ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamshwa saa kumi alfajiri kutwanga mchele, si dada. Mpaka leo, nikishona na kibao chenye jina langu kikining'inia mlangoni, wazee wa mtaa wakitaka nipunguze suruali wanasema, "Mpelekee Binti Vitumbua."

Blood of Zeus inampa Hera haki yake ya kulalamika, na hilo nawapa maua yao. Kuna hasira pale ambayo si ya kichawi. Ni ya mtu aliyeapiwa na akadanganywa mbele ya ukumbi mzima, na wapo miungu wanaosimama upande wake. Kisha, naona walitishika na walichokianzisha. Zeus hadi mwisho wa msimu amesafishwa: anajuta, anapigana, anakufa kishujaa. Hera ndiye anabaki na lawama ya vita. Mume alianzisha, mke akaharibu, mume akazikwa kwa heshima. Mazishi ya namna hiyo nimeyahudhuria. Nilikaa na wanawake uani, nikisikia wanaume wakimsifu baba kuwa hakumtupa mtoto wake hata mmoja.

Zeus ninayeweza kumwamini yuko kwa Homer, kwenye Iliad, na ni kipande kifupi. Mwanawe Sarpedon, naye wa nje, yuko vitani Troy na siku yake imefika. Zeus anasitasita: nimnyakue nimrudishe kwao hai? Hera anamwambia fanya utakavyo, lakini jua kwamba miungu wengine nao wana watoto pale, nao watataka kuwaokoa wao. Zeus anakubali. Anadondosha mvua ya damu juu ya nchi, na mtoto anakufa. Hakuna muziki. Hera amesema kweli, na pengine pia amefurahi, na mshairi hakukuambia uchague lipi.

Msimu wa pili ulitoka Mei 2024 na wa tatu Mei 2025. Sisi tumeufikia wa pili wiki iliyopita, na ndio umeleta ugomvi nyumbani. Humo Hades na Persephone ni mke na mume wanaopendana hasa, na mama mtu, Demeter, ndiye kikwazo. Kijana wetu amemkubali Hades moja kwa moja. "Mama mdogo, huyu ndiye mwanaume pekee mle anayempenda mkewe." Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Lakini uani kwetu kuna mkomamanga alioupanda Ma'mkubwa, nikachuma komamanga nikalipasua mezani, nikawasimulia wimbo wa kale wa Demeter ulivyo. Binti anachuma maua na wenzake. Ardhi inapasuka, Hades anatokea na gari la farasi, anambeba, naye analia kwa sauti. Wanaosikia ni Hekate tu, akiwa pangoni mwake, na Jua. Baba yake, Zeus, alishakubali zamani. Mama anazunguka siku tisa akimtafuta bila kula. Mwishowe binti anarudishwa, ila amelishwa punje ya komamanga, basi theluthi ya mwaka lazima ashuke.

"Yaani baba mtu alishapokea posa," akasema Ma'mkubwa, akichokonoa punje kwa kucha, "na mwenyewe binti hana habari."

Ndiyo hivyo. Wasimulizi wa sasa wanampenda sana Hades, nami nawaelewa, mume mkimya na mwaminifu hapatikani ovyo. Lakini ili tumpende imebidi kile kilio kiondolewe. Ningemheshimu zaidi mchoraji ambaye angekiacha kile kilio, kisha anionyeshe namna hao wawili walivyokuja kuzoeana. Inawezekana. Naishi na mtu niliyezoeana naye hivyo.

Narudi kwenye ule usiku wa kwanza. Sehemu ya tatu au ya nne, Hera na Zeus wametupiana maneno, kijana anataka niharakishe tafsiri, Ma'mkubwa akainua mkono.

"Simamisha hapo."

Kijana akasimamisha.

"Nauliza hao wengine. Hao ndugu zake na watoto wake. Walikuwa wanajua?"

Nikasema walijua. Nikamweleza Hermes, mpeleka habari, mambo ya baba yake alikuwa akiyajua yote. Hata kwenye hadithi nyingine ya kale, Hera alipoweka mlinzi mwenye macho mia amchunge mwanamke wa Zeus, Hermes ndiye aliyetumwa, akamlaza usingizi, akamuua.

Akacheka kwa pua. "Mie alijua mpaka muuza samaki. Miaka tisa ananipimia dagaa, ananiangalia hivi, simwelewi."

Hajawahi kuniambia hilo. Miaka yote nilidhani nilikuwa habari mpya siku ile niliposhuka na kuku wangu, kumbe nilikuwa habari mpya kwake peke yake. Nikawa natafuta la kusema. Kijana anatutazama kwa zamu, kidole kwenye rimoti.

Ma'mkubwa akaninyooshea mkono. "Lete shati moja. Weye na maneno hutamaliza."

Nikampa na sindano iliyotungwa. Akashona vifungo sita huku anaangalia, vitano vimekaa vizuri kuliko vyangu, kimoja akakishona kwa upande wa ndani. Sikukifumua mpaka alipokwenda kulala.