Jibini la Undredal

Nimerudi chumbani sasa hivi. Saa nne usiku na nje bado kweupe!

Leo tumeshinda Undredal, kijiji kidogo magharibi mwa Norwei, kwenye fiodi ya Aurland. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani kabisa katikati ya milima. Wakazi hapa ni kama mia moja, na mbuzi ni wengi kuliko watu. Mpaka mwaka 1988 hapakuwa na barabara, walifika kwa boti tu.

Kuna kanisa la mbao la karne ya 12, dogo mno, viti kama 40 hivi. Zuri sana.

Lakini jamani, jibini!

Wanalitengeneza kwa maziwa ya mbuzi. Yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda wanayachemsha masaa mengi, mpaka sukari yake inakuwa kahawia. Mama mmoja akatukatia kipande chembamba, kikajikunja chenyewe kwenye kisu.

Nikaweka mdomoni.

Ule utamu wa maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, na chumvi kwa mbali. Bibi alikuwa akitukwangulia ukoko ule kwa kijiko, tunagombania. Sijauonja tangu afariki.

Nilisimama pale gatini bila kusema kitu. Maji yametulia kabisa, kengele za mbuzi zinasikika kutoka mlimani. Yule mama akanikatia kipande cha pili, hakuniuliza.

Nanyi ndugu zangu, ladha gani imewahi kuwarudisha kwenu mkiwa mbali? Niambieni, leo silali mapema.