Magadi, fosfeti na chanzo cha uhai: mradi wangu wa ndoo umefikia hapa

Ndoo zangu za nyuma ya nyumba, hapa Sakina, zimeanza kutoa majibu, kwa hiyo naandika mambo yakiwa bado ya moto.

Kwa wasiofuatilia tangu mwanzo: natafuta mahali ambapo fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni) ingeweza kujikusanya kabla ya kuwepo kiumbe chochote. Bila fosfeti hakuna RNA wala DNA, molekuli zinazobeba taarifa za urithi, hakuna ATP, inayobeba nishati ndani ya seli, na utando wa seli hausimami. Wengi wakisikia habari za chanzo cha uhai hukumbuka jaribio la Stanley Miller kule Chicago, lililochapishwa mwaka 1953: mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni vikapigwa cheche za umeme, zikapatikana asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Nalipenda sana jaribio lile, ila fosfeti haikuwemo. Na fosfeti ina shida yake. Maji mengi ya asili yana kalsiamu, na hivyo viwili vikikutana vinashikana na kuwa apataiti, madini yasiyoyeyuka kirahisi. Mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu kwa ajili ya mbolea ni wa jamii hiyo.

Mwishoni mwa 2019 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa jibu ambalo kwa mtu wa Arusha ni la nyumbani kabisa: maziwa ya magadi. Kaboneti iliyomo humo huiwahi kalsiamu, ikaigeuza chokaa na kuizamisha. Fosfeti inabaki huru majini, na jua linavyokausha ziwa ndivyo inavyozidi, hadi mara 50,000 ya ile ya baharini. Mojawapo ya mifano yao ni Ziwa Magadi la Kenya, jirani wa Ziwa Natron letu.

Nikataka kuiona kalsiamu ikiwahiwa. Ndoo ya kwanza nimetia maji ya mvua na jasi, ambayo ndiyo kalsiamu yangu. Ya pili maji yaleyale na jasi kiasi kilekile, pamoja na magadi ya kuivishia maharage kutoka Soko la Kilombero, niliyoyasaga. Zilipotulia, zote mbili zikapata kipimo sawa cha DAP, mbolea yenye fosfeti na amonia. Ya tatu ni magadi na maji tu, nijue kama magadi yenyewe yanakuja na fosfeti. DAP ilipoingia kwenye magadi, harufu ya amonia ilipanda papo hapo, kali ya kutoa machozi; kazi hii ifanyike nje.

Kupima, nachuja maji, nachukua kidogo kwenye kichupa cha kioo na kudondoshea asidi polepole. Sampuli ya magadi inafura povu mpaka kaboneti iishe. Nafuatisha molibdeti ya amonia na vitamini C, kisha kichupa kinakaa kwenye maji ya moto. Fosfeti ikiwemo, rangi ya bluu inatokea. Magadi hubeba pia silika, kemikali ya mchanga, nayo hudanganya kwa bluu yake kama asidi ni chache, kwa hiyo msibane asidi.

Ndoo ya jasi pekee ilitoa bluu hafifu sana. Ya magadi ilitoa bluu nzito kama wino, nikalazimika kuzimua ili niweze kulinganisha. Ya tatu karibu haikuwa na rangi. Kisha nikasuuza unga mweupe uliotuama kwenye ndoo mbili za mwanzo na kuudondoshea asidi: wa ndoo ya magadi ulitoa povu, yaani ni chokaa; wa ndoo ya jasi haukutoa. Nilifurahi mno.

Kemia hii tunayo hata kwenye meno. Floraidi, ile inayotia meno madoa ya kahawia, hubaki kwa wingi kwenye maji ya upande wa Mlima Meru kwa sababu ileile, kalsiamu ni chache ya kuishika, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto huiondoa kwa mkaa wa mifupa, ambao ni kalsiamu na fosfeti.

Wanaosema uhai ulianzia kwenye chemchemi za chini ya bahari, kama ile ya Lost City iliyogunduliwa Atlantiki mwaka 2000, wana hoja nzito: pale nishati ipo muda wote. Mimi bado nasimama na maziwa, kwa sababu kuunganisha vipande vya RNA ni kazi ya kuondoa maji, na bahari haikauki. Kuna pingamizi kwamba magadi makali huvunja RNA. Ni kweli, lakini hewa ya dunia changa ilikuwa na hewa ukaa nyingi, ambayo hupunguza ukali huo. Nimepitisha hewa ukaa ya hamira na sukari kwenye maji ya ndoo ya pili. pH, kipimo cha ukali wa magadi, imeshuka kutoka 10 hivi hadi karibu na 9, na bluu haikupungua.

Sasa naingia kwenye ukavu. Mwaka 1971 Lohrmann na Orgel walionyesha kwamba urea na fosfeti vikipashwa moto huweza kubandika fosfeti kwenye vijenzi vya RNA. Nitaanza na gliserini ya dukani, kwa kuwa gliserini yenye fosfeti ni sehemu ya utando wa seli. Sahani mbili zitapashwa moto pamoja, zote zina urea na fosfeti, moja tu ina gliserini. Fosfeti iliyobanduka majini na kubandikwa kwenye gliserini haitoi bluu kirahisi, kwa hiyo nitapima bila maji ya moto na kuangalia kama sahani ya gliserini imepauka kuliko mwenzake.