Kocha mpya ameshinda tatu mfululizo: ninavyopima kama timu imebadilika kweli

Timu ikiyumba, ushauri unaotolewa ni uleule: chukua mechi tano za mwisho, jumlisha pointi, zikiwa chache kocha afungashiwe virago. Akija mwingine, chukua tano zake za mwanzo, linganisha, mjadala umekwisha. Ushauri huu unanikera kwa sababu unakuja na namba, unaonekana wa kitaalamu, na bado unampa sifa au lawama mtu asiyestahili. Mimi natumia daftari la mechi, na limewapa mashabiki ninaobishana nao kitu cha kushika badala ya kelele.

Ubovu wa hesabu ya mechi tano uko hivi. Kocha hatimuliwi siku yoyote tu. Kibarua chake huota nyasi pale timu inapokuwa chini kabisa, na kule chini timu imefikishwa na mambo mawili kwa pamoja: udhaifu wa kweli na bahati mbaya. Mashuti yamegonga nguzo, kipa ameteleza, viungo wawili wameumia wiki moja. Udhaifu hauondoki wenyewe. Bahati mbaya huondoka, awe amekuja kocha mpya au amebaki wa zamani. Mtafiti Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kati ya 1986 na 2004, akalinganisha klabu zilizotimua makocha na klabu zilizoporomoka vilevile lakini zikavumilia. Pande zote mbili zilipanda tena, kwa kiasi kinachokaribiana. Anayelinganisha tano za mwisho na tano za mwanzo anapima kule kupanda tu, kisha sifa zote anamwandikia aliyepokea mikoba. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Halafu kuna ratiba. Desemba 2018 Manchester United walimtimua José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær akaingia kama kocha wa muda na kushinda mechi nane za kwanza za mashindano yote. Ya kwanza ilikuwa Cardiff ugenini, 5-1. Ya pili Huddersfield nyumbani, 3-1. Timu hizo mbili zilishuka daraja msimu huohuo. Januari wakaifunga Tottenham 1-0, ushindi uliotajwa sana kama ushahidi kwamba timu imezaliwa upya, lakini siku hiyo kipa David de Gea aliokoa mashuti 11. Timu inayomlazimisha kipa wake kuokoa mara 11 haijatawala mechi, hata kama pointi tatu ni zake. Mwishoni mwa Machi 2019 Solskjær akapewa kazi rasmi, na katika mechi kumi zilizofuata alishinda mbili. Mbili za mwisho za msimu zilikuwa na walewale wa mwanzo: sare ya 1-1 na Huddersfield ugenini, kisha kipigo cha 2-0 kutoka kwa Cardiff, tena Old Trafford.

Mfano huo ndio msingi wa mbinu ninayoipenda kuliko zote, mechi pacha. Silinganishi mechi ya jana na ya wiki iliyopita. Kila mechi ya kocha mpya naipatia pacha wake kutoka kwa kocha wa zamani: mpinzani yuleyule, na kama hayupo, mpinzani aliye jirani yake kwenye msimamo, asiachane naye kwa zaidi ya nafasi tatu. Nyumbani kwa nyumbani, ugenini kwa ugenini. Mechi isiyo na pacha naiweka kando, siilazimishi. Mara nyingi ule "ufufuo" unapungua papo hapo, kwa sababu unakuta kocha wa zamani naye aliwafunga walewale, ila vigogo wote walimwangukia mwezi mmoja.

Daftari lenyewe ni rahisi: ukurasa mmoja kwa mechi, umegawanywa vipande vya dakika 15. Nahesabu vitu vitatu. Mashuti ndani ya boksi, yetu na yao. Mara tulizonyang'anya mpira kwenye theluthi ya mbele ya uwanja. Na idadi ya pasi ambazo wapinzani wanapiga kwenye nusu yao kabla hatujawavuruga, kwa kukaba, kukata pasi au kucheza faulo. Hiki cha mwisho ndicho kipimo cha presha. Kocha akisema timu yake inakaba juu, na wapinzani wanapiga pasi 15 au 20 kwao bila kuguswa, basi haikabi juu.

Kando ya kila alama naweka herufi: S kama matokeo ni sawa, M tukiwa mbele, N tukiwa nyuma. Usipuuze herufi hizi. Timu iliyofungwa dakika ya 10 mara nyingi humaliza na mashuti mengi kwa sababu mpinzani amerudi kulinda bao lake, na shabiki anaondoka akisema "tulitawala". Vivyo hivyo, timu iliyo mbele kwa mawili huwaachia wengine mpira kwa makusudi, kisha inalaumiwa kwamba imekosa presha. Kwa hiyo ninapolinganisha makocha wawili natumia alama za S peke yake. Zinakuwa chache, ndiyo, lakini ni safi.

Penalti ziandikwe kando. Penalti huingia takriban mara tatu kati ya nne, shuti la kawaida karibu mara moja kati ya kumi. Ukizichanganya, mechi moja yenye penalti mbili inachafua ukurasa mzima. Kadi nyekundu ikitoka, hesabu ifungwe dakika hiyohiyo. Thomas Tuchel alipoichukua Chelsea Januari 2021, timu ilicheza mechi 14 bila kupoteza na kuruhusu mabao mawili tu. Kisha West Brom wakawachapa 5-2, na watu wakaanza kusema mfumo wa mabeki watatu umeshasomwa. Thiago Silva alitolewa dakika ya 29, Chelsea wakiwa mbele 1-0. Dakika 60 za watu kumi hazisemi chochote kuhusu mfumo. Tena Tuchel ni mfano mzuri wa mabadiliko ya kweli: mpangilio mpya ulionekana kuanzia mechi yake ya kwanza, siku moja baada ya kutangazwa, na nafasi walizokuwa wakipewa wapinzani zikakauka.

Ni lazima utazame mechi nzima. Vipande vya mabao havina msaada kwa kazi hii. Hata matangazo kamili yana tatizo lake: wanaporudia kosakosa, mchezo umeshaendelea na umekosa kuona mpira uliponyang'anywa. Acha nafasi wazi, usikisie. Gharama ni daftari, penseli na muda. Mechi moja inakula kama saa mbili na nusu ukirudisha picha nyuma.

Asiye na muda huo, nampa hesabu ya mia. Inahitaji mashuti yaliyolenga lango, mabao na karatasi. Tafuta asilimia ya mashuti yenu yaliyolenga lango ambayo yamekuwa mabao. Tafuta asilimia ya mashuti ya wapinzani yaliyolenga lango ambayo kipa wenu ameyaokoa. Jumlisha. Mabao ya kujifunga yaondoe. Kwa ligi nzima jibu ni 100 daima, kwa sababu kila bao la mmoja ni shuti lisilookolewa la mwingine. Chukua mfano: chini ya kocha wa zamani, mashuti 32 yaliyolenga, mabao 6, hiyo ni 19. Wapinzani walilenga 30, yakaingia 14, kipa ameokoa 53 kwa mia. Jumla 72. Kocha mpya: mashuti 33, mabao 13, hiyo ni 39, wapinzani 31, yameingia 7, kipa 77. Jumla 116. Msimamo wa ligi utaonyesha timu mbili tofauti kabisa, ilhali mashuti yako palepale, 32 kwa 33 na 30 kwa 31. Jumla ya 72 ingepanda hata bila kumtimua mtu, na ile ya 116 itashuka. Hesabu hii haijui ubora wa nafasi; straika hodari na kipa hodari huisogeza kidogo juu ya mia kwa msimu mzima, lakini si kwa pointi 16.

Kwenye ubishani wenyewe, kilichosaidia kuliko chochote ni kumtaka kila mtu aandike mapema, kabla kocha mpya hajacheza, kitu kimoja kitakachobadilika na kinachohesabika. "Wachezaji watajituma" hairuhusiwi. "Beki wa kushoto atapiga krosi akiwa amepita mstari wa boksi" inaruhusiwa. Watu wengi wanaodai kocha aondoke hukwama hapo, na wale wenye hoja ya kweli hujulikana mara moja.

Kwa mashindano ya mtoano sipimi hivi. Ivory Coast walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea Januari 2024, Jean-Louis Gasset akaondoka, Emerse Faé akashika timu iliyopenya kama mshindi wa tatu wa kundi lake, na tarehe 11 Februari akabeba Kombe la Afrika kwa kuifunga Nigeria 2-1. Mechi nne hazitoshi kwa kipimo chochote cha daftari. Kwenye ligi, nasubiri mechi ya saba hivi, wapinzani wakishapata video za kutosha za mfumo mpya. Hapo naanza ukurasa mpya, S peke yake, na namba za kuanzia hapo ndizo ninazozitetea.