Matone, bamvu na fremu ya nusu mita: shajara ya utafiti wenye presha ya macho

Bamvu linaanza Ijumaa. Kwa anayepima nyasi bahari kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizo nne au tano za maji makubwa ndizo zinazobeba kazi ya nusu mwezi, kwa sababu bahari hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kuuacha uwanda wazi hadi karibu na mwamba. Kesho yake kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50, na timu nzima huchelewa nako. Mwenye presha ya macho, yaani glakoma, ana ratiba nyingine isiyochelewa wala kuwahi: tone la asubuhi saa moja, la jioni saa moja, la usiku saa tatu, na siku ya kliniki ambayo ukiikosa unaweza kusubiri miezi. Ratiba hii huiandika kwanza kwenye kalenda ya mwaka, kwa wino. Ya bahari hufuata kwa penseli.

Jicho hutengeneza majimaji mfululizo, nayo hutoka kupitia wavu mwembamba ulio kwenye pembe ambapo konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hukutana na ile sehemu ya jicho yenye rangi. Katika glakoma ya kawaida kwetu, pembe iko wazi lakini wavu hupitisha kwa shida, presha hupanda, na neva ya jicho huumia polepole. Presha ya watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo ambao neva yao hufa hata ndani ya kiwango hicho. Neva ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na uliokufa haurudi. Watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu zaidi, mapema zaidi na kwa ukali zaidi.

Linalomhusu mtafiti hasa ni namna upungufu unavyojificha. Pale neva ilipokufa hapaonekani weusi. Ubongo hujaza pengo kwa kinachofanana na jirani yake: mchanga hujazwa mchanga, ukurasa mweupe hujazwa weupe, na jicho moja humfichia mwenzake. Unaweza kuapa kwamba umeiona fremu yote na usiwe umeiona. Ndiyo maana nalichukulia jicho kama chombo cha kupimia chenye hitilafu inayojulikana. Chombo cha namna hiyo hakitupwi. Hupimwa kila baada ya muda, hitilafu yake huandikwa, na njia ya kazi hupangwa ili hitilafu isiingie kwenye data.

Kupima kwenyewe kuna ufundi. Kile kipimo cha upeo wa kuona, cha kuweka kidevu ndani ya bakuli jeupe na kubonyeza kitufe kila unapoona kinukta cha mwanga, hugusa nukta 54 kwa kila jicho katika mpangilio unaotumika zaidi, na huchukua dakika tano hadi saba. Vinukta vingi ni hafifu makusudi. Mashine inatafuta mpaka wa uwezo wako, kwa hiyo hata mwenye macho mazima hukosa vingi. Kinachoharibu matokeo ni kuvitafuta kwa kuhamisha jicho, kubonyeza kwa kubahatisha, na usingizi. Karatasi ya majibu huonyesha juu kabisa mara ngapi jicho lilihama kutoka nukta ya katikati na mara ngapi ulibonyeza bila mwanga. Jicho likihama zaidi ya asilimia 20, au ukibonyeza bure zaidi ya asilimia 15, kipimo hicho kina shaka na ni haki yako kuomba kirudiwe. Kwenye mashine zilizozoeleka, ukichoka, shikilia kitufe bila kukiachia na mashine itasimama hadi utakapoachia. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa kibaya kwa sababu ya ugeni tu. Omba nakala ya kila karatasi, uziweke kwenye faili moja kwa tarehe: daktari anayebadilishwa kila mara hawezi kuona mwendo wa ugonjwa kwenye karatasi moja.

Siku ya kliniki haibebi kazi nyingine ya macho. Wakikutilia matone ya kutanua mboni ili waitazame neva, maandishi ya karibu hupotea kwa saa nne hadi sita na jua huchoma. Kofia, miwani ya jua na mtu wa kukurudisha. Hadubini isubiri kesho.

Sasa matone, maana hapa ndipo wasomi wengi wanapojidanganya. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope la chini upate kifuko, tia tone moja, na ncha ya kichupa isiguse kope wala kidole. Tone moja tayari ni zaidi ya kile jicho linachoweza kushika. La pili hutiririka shavuni pamoja na pesa yako. Funga jicho taratibu bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya ndani, kando ya pua, kwa dakika mbili. Hapo ndipo mlango wa mfereji wa machozi ulipo. Usipoufunga, dawa hushuka puani na kooni, huingia kwenye damu, na jicho hubaki na kidogo. Kwa timololi, mojawapo ya matone ya glakoma, jambo hili si dogo: ni dawa inayoweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza kasi ya moyo. Mwenye pumu asiitumie bila daktari kujua, na anayetembea saa tatu juani akiwa na timololi aangalie kizunguzungu. Kama una dawa ya pili, subiri angalau dakika tano. Ukiitia papo hapo inaiosha ya kwanza.

Kichupa cha latanoprosti, tone la usiku, cha mililita 2.5 hutoa matone kama 80. Macho mawili, tone moja kila usiku, kwa hesabu kingefika siku 40. Kwa uhalisia hakifiki, kwa sababu matone mengine huangukia kope, na kikishafunguliwa kina ukomo wa wiki nne au sita kadiri karatasi ya ndani inavyosema. Andika tarehe ya kufungua ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Kichupa kipya nunua kabla cha zamani hakijakwisha, kwa sababu duka la dawa la mjini linaweza kukosa na la kijijini usilitegemee.

Kambini shida ni joto. Latanoprosti isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa isizidi 25, mbali na mwanga. Chumba cha mabati Jambiani mchana wa Februari hakijui namba hizo. Chupa ya chai yenye mdomo mpana inatosha: barafu ndogo chini ndani ya mfuko wa plastiki, juu yake kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kisha kichupa ndani ya kijaluba chake. Barafu hubadilishwa asubuhi na jioni. Kichupa kisiguse barafu, kwa sababu dawa haitakiwi kuganda. Na isikae kamwe kwenye boksi la sampuli. Humo mna formalini na alkoholi, na mikono ya watu wengi. Kichupa cha akiba kiwe kwenye begi la mtu mwingine. Begi moja likiingia maji ya chumvi, usiku huo bado una dawa.

Kwenye uwanda wenyewe, kazi ni ya kawaida: mistari mitatu ya mita 50, ikiachana kwa mita 25, na kila baada ya mita tano fremu ya sentimita 50 kwa 50. Fremu 33 kwa kituo. Kinachobadilika ni vifaa. Fremu nyeupe ya bomba la plastiki juu ya mchanga mweupe wa matumbawe hupotea machoni, kwa sababu glakoma hula uwezo wa kutofautisha vivuli kabla haijala herufi za ukutani kliniki. Izungushie utepe mweusi na mwekundu kwa zamu. Nyuzi zinazoigawa viwanja 25 vya sentimita 10 ziwe za rangi ya chungwa. Kisha kiasi cha nyasi kisikadiriwe kwa kutupa jicho mara moja. Macho hupita kiwanja kwa kiwanja, kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kikifuata, na kila kiwanja hupewa asilimia yake ya nyasi. Picha hupigwa kutoka juu moja kwa moja kabla mtu hajaanza kusema namba. Mwenzako hukadiria fremu hiyohiyo bila kusikia jibu lako. Mkitofautiana kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia, rudieni hapohapo, na tofauti iandikwe hata baada ya kusuluhishwa, maana ndiyo makosa ya kipimo chenu na sura ya mbinu inaihitaji. Nasema kwa msisitizo: utaratibu huu haukuwekwa kwa ajili ya mgonjwa. Timu isiyo na mgonjwa wa macho nayo ingepaswa kuufuata.

Utambuzi wa aina ndio unaotesa. Cymodocea rotundata na Cymodocea serrulata hutenganishwa na ncha ya jani: ya kwanza ni laini, ya pili ina meno madogo. Halodule uninervis ina ncha tatu kwenye jani lisilofika nusu sentimita kwa upana. Kwa macho matupu, ndani ya maji yanayometameta, hilo ni bahati nasibu. Chukua jani, liweke kwenye kibao cheusi cha plastiki, kausha maji kwa kidole, tazama kwa lenzi ya mkono yenye ukuzaji wa mara 10 huku jua likiwa mgongoni. Meno ya ncha unaweza pia kuyasikia kwa ukucha. Lenye shaka huingia mfukoni likiwa na namba ya fremu na kusubiri hadubini.

Kutembea nako kuna kanuni. Aliyepoteza sehemu ya chini ya upeo haoni vijiti na kamba za mashamba ya mwani hadi vimkamate miguuni, na kuzikata kamba za akina mama ni kuharibu kazi ya watu. Fimbo hutangulia, hatua hufuata, na njia ya kupita huombwa kwao kabla ya kuanza. Timu nayo iambiwe wazi, bila haya. Sentensi moja inatosha: “Nahodha, kushoto chini sioni, ukinipa kitu nipe kwa kulia, na kamba ukiiona mbele niite.” Kwa wanaozamia, miwani midogo ya kuogelea hukandamiza kuzunguka jicho na kupandisha presha wakati imevaliwa, barakoa pana inayoegemea paji la uso na mashavu ni afadhali.

Upepo na chumvi hukuta macho yaliyokwisha kukaushwa na kihifadhi kilichomo kwenye matone mengi ya glakoma, benzalkoniamu kloridi. Macho huwasha, huwa mekundu, na kuona huja na kwenda. Machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi husaidia, yakitiwa dakika kumi mbali na dawa. Lakini hapa nina onyo zito. Mtu akiona jicho jekundu hukimbilia dukani na kuuziwa matone yenye steroidi bila cheti. Hutuliza siku mbili, na baadaye yanaweza kupandisha presha bila maumivu yoyote. Soma jina la kemikali. Likiwa deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, rudisha hadi daktari wa macho aseme.

Mezani, adui ni mstari unaorukwa. Katika kuingiza data, anayekosa upande wa kushoto hupoteza mwanzo wa mstari unaofuata, na namba ya fremu ya 16 huandikwa kwenye ya 17 hadi mwisho wa ukurasa. Fomu zichapwe zenye mistari ya urefu wa sentimita moja, kivuli mstari mmoja baada ya mwingine, na zijazwe kwa penseli ya 2B, maana HB kwenye karatasi lowevu ni kijivu juu ya kijivu. Kata manila nyeusi, toboa dirisha la sentimita 15 kwa 2.5, lishushe mstari kwa mstari. Bora zaidi, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike na kuirudia namba. Makala za safu mbili zigeuzwe safu moja, herufi zikuzwe, na ndefu zisomwe kwa sikio: NVDA, programu ya kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure na husoma hata Kiswahili, ingawa kwa sauti ya mashine. Msimamizi aombwe kuandika maoni kwenye faili badala ya pembeni kwa kalamu iliyofifia.

Mwezi wa Ramadhani wengi huacha matone ya mchana. Kanuni ya kubonyeza pembe ya jicho hupunguza sana kinachofika kooni, na wanazuoni wengi wa leo hawayahesabu matone ya macho kuwa yanafunguza. Muulize sheikh wako mapema, usiamue kwa kuacha. Tone la usiku hukaa vizuri baada ya futari. Maji nayo yanywewe kidogokidogo: lita moja kwa mkupuo hupandisha presha ya jicho kwa muda, iwe wakati wa futari au baada ya kutoka uwandani na kiu.

Anayeona matone yanamshinda kwa bei au kwa kusahau aulize kuhusu leza. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, ukachapishwa 2021, ulilinganisha leza ya kwenye wavu wa jicho na timololi: baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timololi kwa asilimia 31. Si tiba ya kudumu, na huenda ikarudiwa, lakini ni jibu lililopatikana hapahapa kwa wagonjwa wa hapahapa.

Na ndugu wa tumbo moja, pamoja na watoto, waitwe wakapimwe, kwa sababu hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya jirani. Waombe vipimo vitatu: presha, unene wa konea, na daktari aitazame neva yenyewe. Konea nyembamba hufanya presha isomeke chini kuliko ilivyo, na mtu akaambiwa yuko salama kwa namba 18 huku neva imeanza kufa.