Nilivyouunda Ushahidi wa Riwaya Yangu ya Upelelezi: Farasi wa Mbio na Kioo cha Tanuri

Nilipoamua kuandika riwaya ya upelelezi inayozunguka mbio za farasi na sanaa ya kupuliza kioo, wahusika walinijia upesi, na hata mauaji yenyewe hayakunipa shida. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni ushahidi. Nilitaka muuaji anaswe na kitu ambacho fundi yeyote wa kioo angekitambua papo hapo, na ambacho msomaji asiyewahi kukaribia tanuri angekielewa kutokana na maelezo aliyokwisha kupewa sura kadhaa nyuma. Zipo riwaya ambazo uwanja wa mbio au karakana ni mapambo tu: ukiwaondoa farasi ukaweka magari, hadithi inabaki ile ile. Mimi nilikusudia hadithi ambayo ukiondoa kioo inabomoka, na ukimwondoa farasi inabomoka pia.

Nilianza na kioo, kwa kuwa ndicho nilichokifahamu kidogo zaidi. Fundi mmoja aliniruhusu kukaa kwenye kona ya karakana yake nitazame kazi bila kumsemesha wakati bomba liko mkononi. Mchanga wa silika, magadi na chokaa huyeyushwa pamoja, na wakati wa kufanyia kazi tanuri huwa kwenye takriban nyuzijoto 1,100 za Selsiasi. Fundi huchovya ncha ya bomba la chuma ndani yake, hulizungusha, kisha huinua donge lenye rangi ya chungwa iliyoiva. Tangu hapo bomba halikomi kuzungushwa, kwa maana kioo laini huvutwa chini na uzito wake chenyewe, na mkono ukisita kidogo tu donge linaegemea upande mmoja. Nilimwona akiliviringisha juu ya bamba la chuma, akapuliza pumzi fupi, akaziba kwa kidole tundu la bomba ili hewa iliyofungiwa itanuke kwa joto, kisha akalipa umbo kwa gazeti lililoloweshwa maji na kukunjwa mara nyingi, akiwa amelishika kiganjani mwake huku mvuke ukimpanda mpaka kwenye kiwiko. Kati ya mkono wake na kioo hakukuwa na kitu kingine isipokuwa karatasi hiyo na maji.

Siku nyingine alitengeneza farasi. Kazi hii haihitaji pumzi hata kidogo. Ni ustadi unaosifiwa sana katika kisiwa cha Murano, ambako Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe mwaka 1291. Donge zima lisilo na uwazi ndani hubanwa kwa koleo, shingo huvutwa, nywele za shingoni hufinywa moja moja, miguu ya mbele huchomolewa na kukunjwa, kisha miguu ya nyuma na mkia hunyooshwa ili farasi asimame ameinua kifua. Sanamu ndogo huisha katika dakika chache, na inapaswa kuisha, kwa sababu kioo hakimsubiri mtu. Aliyoitengeneza fundi huyu ilikuwa kubwa, nene kifuani kama ngumi mbili.

“Fundi, naweza kuishika lini?” nilimuuliza alipoifungia katika tanuri la kupozea.

“Kesho kutwa, Mungu akipenda. Ukiitoa leo utaokota vipande.”

Jibu hilo ndilo lililonipa riwaya. Kioo kikiachwa kipoe hewani, ngozi yake ya nje huganda wakati kiini bado ni laini. Kiini nacho kinapoganda baadaye hutaka kusinyaa lakini ngozi imekwisha kukaza, na mvutano unaobaki ndani unaweza kukipasua mara moja au baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana kazi huingizwa katika tanuri la pili, lenye nyuzijoto zipatazo 500, ili joto lilingane ndani na nje, kisha lishushwe polepole. Muda huo hauongezeki sawasawa na unene: unene ukiwa mara mbili, muda unaohitajika hukaribia mara nne. Kioo kikubwa cha darubini ya Palomar kule Marekani, chenye kipenyo cha mita 5, kilimiminwa mwaka 1934 na kikapozwa kwa takriban miezi 10. Hakuna tajiri wala hodari anayeweza kuuharakisha mwendo huo na bado akapata kioo tulivu.

Basi muuaji wangu akawa msanii wa kioo mwenye sifa, mwenye hisa katika farasi wa mbio za kuruka viunzi huko Uingereza. Siku ya mauaji anadai kwamba alikuwa peke yake karakanani tangu asubuhi, akitengeneza sanamu ya farasi itakayotolewa kama tuzo, na polisi wanapofika jioni wanaikuta mezani, imekamilika, inang'aa, baridi. Wanaichukulia kuwa uthibitisho wa kazi ya siku nzima. Mwanafunzi wake wa kazi, binti mmoja mkimya ambaye nilimpa macho yangu mwenyewe ya pale konani, anaigusa kifuani na kuelewa kwamba sanamu nene kiasi hicho haiwezi kuwa imezaliwa asubuhi ile.

Upande wa farasi ulihitaji uzito ule ule, na hapo nilisoma kanuni za mbio kwa makini kuliko nilivyosoma maelezo ya mashindano yenyewe. Mizani ndiyo moyo wa mchezo huu. Kila farasi hupangiwa uzito wa kubeba, na joki, yaani mpanda farasi, hupimwa akiwa na tandiko lake kabla ya mbio. Akiwa mwepesi, vipande vya madini ya risasi huongezwa katika kitambaa chenye mifuko kinachowekwa chini ya tandiko. Kofia yake ngumu, fimbo na hatamu haviingii katika hesabu. Baada ya mbio hupimwa tena, na farasi aliyetangulia anaweza kunyang'anywa ushindi ikiwa joki wake amerudi mwepesi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Lililonivutia zaidi ni kipindi kilicho kati ya mizani na uwanja: joki akishapimwa humkabidhi tandiko mkufunzi au msaidizi wake, naye ndiye anayekwenda kumtandika farasi. Kwa dakika kadhaa, uzito uliokwisha kuandikwa rasmi umo mikononi mwa mtu mwingine. Nilipolijua hilo, nilimjua maiti wangu: msaidizi wa mkufunzi, aliyelipwa achomoe vipande vya risasi ili farasi anayependwa na umati ashinde kisha apokonywe, na ambaye usiku ule alitaka kusema ukweli.

Nilisoma pia kisa cha kweli kilichonifundisha mengi kuhusu udanganyifu katika mbio. Mwaka 1844 farasi aliyeitwa Running Rein alifika wa kwanza katika Derby ya Epsom, mashindano ya farasi wenye umri wa miaka 3. Mwenye farasi wa pili alipinga, na shauri likafika mahakamani, ambako ilidaiwa kwamba mshindi alikuwa farasi mwingine kabisa, Maccabeus, mwenye miaka 4. Umri wa farasi husomwa katika meno yake, kwa hiyo jaji alitaka farasi mwenyewe aletwe akaguliwe. Hakuletwa. Shauri likaporomoka, na ushindi ukaenda kwa Orlando, yule farasi wa pili. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu mashahidi wangeweza kubishana mwaka mzima, lakini kinywa cha farasi kingemaliza maneno kwa kufunguliwa mara moja. Nilitaka sanamu yangu ifanye kazi ya kinywa kile.

Rafiki niliyempa rasimu ya kwanza aisome aliniuliza swali gumu: kwa nini msanii asiseme tu kwamba aliipoza haraka na akabahatika isipasuke? Nilikaa na swali hilo kwa muda, na nilimrudia fundi kulitafutia jibu. Akachukua karatasi mbili za kichujio cha mwanga, zile zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, akaziweka moja mbele ya nyingine na kuizungusha ya pili mpaka kote kukawa giza. Kisha akaingiza katikati kikombe kilichopozwa vizuri: giza likabaki. Akaingiza kipande kilichoachwa kipoe hewani, na mistari ya rangi ikajitokeza ndani yake, njano, buluu na zambarau, imejikunja mahali ambapo kioo kilikuwa kinavutana na nafsi yake. Kwa hiyo uongo wa msanii ukafungwa pande zote mbili. Kama sanamu ilitengenezwa siku ile na kutolewa mapema, ingejaa rangi. Kama haina rangi, ilipozwa kwa muda ambao yeye hakuwa nao. Nilifuta kurasa nyingi za mahojiano makali ya polisi, maana hazikuwa na kazi tena.

Kilichobaki ni kuuficha ushahidi bila kumdhulumu msomaji. Maelezo ya kupoza kioo niliyaweka mapema sana, katika sura ambayo binti anakemewa na bwana wake kwa kufungua tanuri la kupozea kabla ya wakati, ili msomaji ashughulike na ukali wa yule mzee na asione kwamba amepewa ufunguo. Mizani niliieleza kupitia hasira za joki anayelalamikia uzito alioongezewa. Nilichora jedwali la saa la siku ya mauaji, safu moja ya uwanja wa mbio na nyingine ya karakana, na kila nilipobadilisha tukio upande mmoja nilihakikisha upande wa pili bado unakubali. Jedwali hilo ndilo lililonilazimisha kumfanya muuaji adai kwamba hakufika uwanjani kabisa siku farasi wake anakimbia, jambo ambalo mwenye hisa yeyote asingelifanya, na ambalo mpelelezi wangu analiona kwanza kuliko kitu kingine chochote.

Ungamo la muuaji nililikata lote. Katika sura ya mwisho binti anaiweka sanamu kati ya karatasi mbili, anaizungusha ya mbele, na inspekta anaulizwa aseme anaona rangi gani.