Mashine nzima, mguu ndio mbovu

Cherehani yangu ilianza kurudi nyuma wiki ya pili ya Januari, msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi yeyote wa hapa Moshi mjini hana nafasi hata ya kunywa chai ikiwa ya moto. Nakanyaga, gurudumu linazunguka vizuri mara 3 au 4, halafu linageuza. Uzi unajisokota chini ya kitambaa, unakatika, natunga upya. Nikabadilisha sindano. Nikabadilisha uzi. Nikakaza mkanda, nikatia oili kila tundu ninalolijua. Mwisho nikamwita mzee anayetutengenezea mashine hapa barazani. Akaja na bisibisi zake, akakaa kwenye kiti changu, akakanyaga. Ikaenda kama maji. Akaniambia nikae mimi. Ikarudi nyuma. Akainama, akaangalia pedeli kwa muda mrefu.

"Binti yangu, mashine nzima. Mguu wako ndio mbovu."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na wala hakunidai hela.

Kwa asiyejua cherehani ya miguu: unakandamiza kwa vidole, kisha kwa kisigino, vidole, kisigino, na kila kisigino kinaposhuka lazima vidole viinuke. Vyangu vya kulia vilikuwa haviinuki. Vinaburuta. Mdundo ukivunjika, gurudumu halina huruma, linarudi lilikotoka.

Tatizo lilianza Novemba. Nilikuwa nashusha jora la kitambaa cha sketi kutoka kwenye bodaboda, nimeinama, nikageuka nalo kabla sijanyooka. Kiuno kikalia. Siku hiyo sikuona kitu kikubwa, nikaendelea kushona mpaka jioni. Kesho yake asubuhi maumivu hayakuwa kiunoni tena, yalikuwa kwenye kalio la kulia, yakishuka nyuma ya paja, yakipita upande wa nje wa ugoko hadi juu ya unyayo. Nikikohoa, umeme. Nikipiga chafya, nashika ukuta. Daladala ya Pasua nikawa napanda ubavu ubavu kama kaa, na konda ananiharakisha.

Kila mtu alikuwa na jina lake la huo ugonjwa. Mama mkwe kule Kibosho alisema ni mshipa, akanichua kwa mafuta ya mnyonyo. Jirani akasema ni baridi ya kukaa kwenye simenti. Mimi nikaenda duka la dawa, nikachomwa sindano za diklofenaki siku 3 mfululizo, zote kwenye kalio lile lile linalouma, maana nilidhani dawa ikiingia jirani na ugonjwa itafika haraka. Hapo kwenye sindano nitarudi.

Krismasi ikafika, ndugu wakapanda kutoka Dar, migomba ikakatwa, mtori ukapikwa, na mimi nikaanza kulala usingizi. Maumivu yalikuwa yanapungua kweli. Mwaka Mpya nilitoa sadaka ya shukrani kanisani. Mungu anisamehe, nilishukuru mapema.

Kwa sababu wakati huo huo kulikuwa na mambo niliyoyaona nikayapita. Ndala ya kulia ilikuwa inavuka yenyewe. Nafika mlangoni nina ndala moja, nageuka, nyingine iko katikati ya uwanja. Nikitembea sakafuni unyayo unapiga pa! pa!, mpaka binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona unatembea kama askari?" Halafu likaja la pasi. Natumia pasi ya mkaa, umeme wa hapa unajulikana. Siku hiyo nanyoosha kola, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatazama kitambaa, kizima. Nikainua pasi, nikatazama meza. Binti ndiye aliyepiga kelele: kaa dogo lilikuwa limedondoka juu ya unyayo wangu wa kulia, karibu na kidole gumba, na limekaa pale. Nililipangusa kwa mkono, na mkono ndio ulioungua nikasikia. Kovu ninalo, saizi ya kifungo cha shati.

Hata hilo halikunipeleka hospitali. Mzee wa mashine ndiye aliyenipeleka.

Daktari alikuwa kijana, rika la mwanangu wa kwanza, akaniamkia kabla hajashika kalamu. Alinilaza chali, akainua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya kusimama wima, ule umeme ukarudi. Akagonga goti na nyuma ya kisigino kwa kinyundo. Akaniambia nitembee kwa ncha za vidole, nikaweza. Nitembee kwa visigino, vidole vikiwa juu: wa kushoto ukaweza, wa kulia ukaanguka. Halafu akashika kidole gumba cha mguu, akasema, "Mama, kivute kuelekea kwako, usikubali nikishushe." Akakishusha kwa kidole chake kimoja, kama anabonyeza swichi. Nilitazama kile kidole nikaona aibu, kama vile ni mtoto wangu aliyefeli mtihani mbele ya watu.

Kisha yakaja maswali ambayo sikuyatarajia. Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Sehemu ile inayogusa tandiko ukikaa kwenye baiskeli, ina ganzi? Miguu yote miwili inaishiwa nguvu? Nikajibu huku naangalia dirishani. Alinieleza kwamba jibu baya kwa lolote kati ya hayo lingefanya nisirudi nyumbani siku hiyo, kwa sababu fungu la neva za chini kabisa likibanwa, upasuaji hausubiri wiki, na ukichelewa mkojo unaweza usirudi tena mikononi mwako. Akauliza pia kuhusu homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Akapima na sukari, kwa kuwa kisukari nacho huua neva za miguu. Vyote salama. Picha ya MRI nilipiga kwa mkopo wa kikoba, naulipa mpaka leo.

Picha ilionyesha hivi. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, ganda gumu nje na uteute ndani. Yangu iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno ganda lake limechanika, uteute umetokeza nyuma na kukandamiza mzizi wa neva. Mimi nililielewa kifundi: mto mshono umefumuka, pamba inachungulia. Mizizi 5 ya neva za chini ya mgongo huungana na kuwa neva ya sayatika, ambayo ni nene kuliko zote mwilini, inapita ndani ya kalio na kushuka mguuni. Ndiyo maana tatizo liko kiunoni na anayelia ni ugoko. Mzizi wangu uliobanwa ni wa 5 wa kiuno, ndio unaonyanyua unyayo na kidole gumba, na ndio unaohisi pale kaa lilipotua. Angebanwa jirani yake wa chini, ningeshindwa kusimama kwa ncha za vidole badala yake. Nimesoma baadaye kwamba ni mwaka 1934 ndipo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walipoandika wazi kwamba diski iliyotokeza ndiyo inayoleta maumivu haya. Kwa hiyo mama mkwe na mshipa wake nimemsamehe.

Neno lililonikaa kichwani ni hili. Daktari alisema maumivu yakipungua huku nguvu ikibaki, furahi. Yakipungua huku nguvu inapungua, njoo mbio. Mimi miezi miwili nilikuwa napima ugonjwa kwa maumivu peke yake, na kwa kipimo hicho nilikuwa napona.

Nguvu yangu aliipa 3 kati ya 5, yaani mguu unanyanyuka wenyewe lakini haustahimili hata kidole kimoja. Tulikubaliana kusubiri bila kisu, nirudi kila baada ya wiki 2 apime, na ikishuka tu tunaongea upasuaji. Diski nyingi zilizotokeza husinyaa, mwili wenyewe unaula ule uteute taratibu, na wengi maumivu hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12. Kulala kitandani alinikataza, zaidi ya siku 1 au 2 kunaongeza ulegevu. Vidonge vya maumivu kwa muda tu, maana vinachoma tumbo na kuchosha figo.

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenigombeza kuhusu sindano. Aliniuliza nilichomwa wapi, nikamwonyesha. Akavuta pumzi. Kalio ukiligawa vipande 4, alisema, sindano ni ya kipande cha juu upande wa nje, kwingine unaitafuta neva ya sayatika kwa ncha. Anapokea watoto na watu wazima ambao unyayo umeanguka kwa sababu ya sindano tu, diski zao nzima kabisa. Mimi nilikuwa na bahati. Siku hizi nikimwona mtu anavua suruali nusu na kuelekeza popote, naingilia, hata kama simjui.

Kuhusu muda wa kupona alinijibu kwa namna ambayo fundi anaielewa. Nyuzi za neva zilizobanwa tu zikalala, huamka ndani ya wiki kadhaa. Zilizokufa huota upya, kama milimita 1 kwa siku. Nilifika nyumbani nikachukua futi, nikapima kutoka kiunoni, nyuma ya kalio, hadi chini ya goti upande wa nje, ulipo msuli unaonyanyua unyayo. Sentimita 68. Siku 680. Nikakaa chini. Kisha nikakumbuka kuwa yangu hazikufa zote.

Mazoezi nafanya kwa lastiki ya kiunoni mwa sketi, ile pana: nafunga kwenye mguu wa meza, naipitisha juu ya unyayo, navuta vidole kuja kwangu, mara 15, asubuhi na jioni. Nalala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono. Hapo ni kuwa makini: maumivu yakipanda kutoka ugokoni kurudi kiunoni, ni dalili njema, yakishuka kuelekea kisigino naacha. Natembea hadi barabara ya lami na kurudi, tambarare, sipandi kilima. Ndala nimeziacha. Ndani ya kiatu cha kufunga navaa kipande cha plastiki kinachoshikilia unyayo usidondoke, cha kupimwa mguu wangu mwenyewe. Chuo cha TATCOT, ambacho kinafundisha kutengeneza miguu ya bandia na vifaa hivi, kipo hapa hapa Moshi kwenye eneo la hospitali ya KCMC, na nilikuwa napita pale miaka yote bila kujua kazi yake. Kukaa ndiko kugumu, kazi yangu ni kukaa. Kwa hiyo mkasi nimeuhamishia kwenye msumari wa ukuta wa mbali. Kila nikiuhitaji nasimama, na fundi anauhitaji kila dakika. Wenzangu wananiona nimechanganyikiwa.

Binti anataka nifunge mota kwenye cherehani. Nitafunga, hela ya kikoba ikiisha. Kwa sasa nakanyaga nusu saa, napumzika, namwachia yeye.

Sasa ni Agosti. Wiki iliyopita daktari alishika kidole gumba, akasukuma, kikasukumana naye kidogo kabla ya kushuka. Ameandika 4. Juu ya unyayo ganzi bado ipo, kwa hiyo napiga pasi nimevaa viatu. Leo tangu asubuhi gurudumu limerudi nyuma mara 2, na moja kati ya hizo ni paka alipita chini ya pedeli. Zimebaki sketi 14 za mwenyewe kuzifuata kesho, na mkasi uko ukutani.