Uuache Mwaka Huu Nao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome Luka 13:6–9, mfano wa mtini usiozaa: mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji wa shamba anauombea mwaka mmoja zaidi. Nimeusikia mara nyingi tangu Shule ya Jumapili, na kila mara macho yangu yalikuwa kwa mwenye shamba aliyekasirika na kwa mti uliokaribia shoka. Mtunzaji nilimpita. Mwaka jana nilifanya kazi yake kwa miezi mitatu, na sasa ndiye ninayemwona kwanza.

Nilikuwa mtarajali katika shamba la mboga la kilimo hai huko Lushoto, juu kidogo ya mji, njia ya kwenda Magamba. Kijijini neno mtarajali halimo midomoni mwa watu. Mimi nilikuwa "mwanafunzi wa fildi", basi. Mwenye shamba ni mama mjane, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kila mtu humwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri. Nilifika Julai. Nilikuja na picha kichwani ya kupanda na kuvuna, lakini mazao ya masika yalikuwa yameshatoka, malori yameshashusha kabichi Dar es Salaam, na Sikukuu ya Mavuno usharikani ilikuwa imepita Jumapili moja tu. Nikasimuliwa mnada ulivyokuwa: tenga moja la nyanya likanunuliwa, likarudishwa madhabahuni, likauzwa tena, hivyo hivyo mara nne, watu wakipiga vigelegele. Shangwe hiyo niliikosa. Nilichokikuta mimi ni visiki vya kabichi.

Na baridi. Biblia yetu katika Mwanzo 8:22 inataja "wakati wa kaskazi na kusi", na mimi niliyekulia Tanga mjini nilikuwa naijua kusi kama upepo unaowazuia wavuvi kutoka. Lushoto nikaijua kwa vidole vilivyokufa ganzi saa moja asubuhi, ukungu umelala juu ya ngazi za shamba, zilizokatwa mteremkoni moja chini ya nyingine, na huoni mtu wa ngazi ya pili, unasikia jembe lake tu.

Kazi za mwisho wa msimu hazina sifa. Unang'oa visiki. Unafungua kamba za nyanya, unachomoa miti, unaikwangua na kuipanga chini ya paa. Unaosha trei za miche. Unakata guatemala kwenye kingo za ngazi, yale majani marefu yanayoshika udongo usiteremke na mvua, unawapelekea ng'ombe bandani. Niliyoipenda ni kazi ya mbegu: unakamua nyanya zilizoiva sana kwenye bakuli, unaziacha siku mbili tatu mpaka ule ute uchachuke, kisha unamimina maji. Mbegu nzima zinabaki chini, mapepe yanaelea. Hapo unaona kwa macho kwamba msimu ujao umo ndani ya bakuli.

Sasa nije kwenye tuta la saba.

Lilikuwa ngazi ya chini kabisa, karibu na mfereji, na lilikuwa na karoti za mwisho. Nilipong'oa ya kwanza nilidhani nimeng'oa mzizi wa kitu kingine. Imegawanyika miguu mitatu, imejipinda, na vimizizi vyake vyembamba vimejaa vifundo kama ushanga. Nikang'oa ya pili, ya tano, ya ishirini. Tuta zima. Nikamwita Mwalimu. Akachukua moja, akaifuta udongo kwa pindo la kanga, akaigeuza geuza muda mrefu bila kusema kitu.

"Minyoo fundo," akasema.

Hao ni minyoo wadogo mno, jicho halifiki, wanaishi udongoni na kuingia kwenye mizizi. Mzizi unavimba vifundo, mmea unadumaa. Wakishaweka makazi mahali hawaondoki kirahisi, hasa ukizidi kuwapa chakula wanachokipenda.

"Kosa ni langu," Mwalimu akaendelea. "Nilipanda nyanya, nikafuatisha karoti, nikarudia nyanya, nikarudia karoti. Soko lilikuwa zuri. Nikaona kubadilisha ni hasara."

Nyanya na karoti zote mbili ni chakula cha minyoo hao. Katika kilimo hai kubadilisha mazao ndiyo dawa ya kwanza. Huna sumu ya dukani ya kukuokoa ukishakosea. Na yeye alilijua hilo kuliko mimi, amelifundisha kwa miaka. Usiku ule, mbele yangu, akafungua daftari la shamba akaandika: tuta la saba, karoti, zimetupwa, sababu sikubadilisha mazao. Shamba lake limo kwenye kikundi cha wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya alama ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo hai tuliyo nayo Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo daftari lile wenzake wangelisoma. Angeweza kuandika "ugonjwa" na asingekuwa amedanganya. Aliandika sababu. Nimewahi kusikia maungamo mengi kanisani, lakini sijui kama nimesikia yaliyo wazi kama mstari ule mmoja wa kalamu ya bluu.

Kesho yake nikampa ushauri wangu wa kisomi. "Mwalimu, kwa nini tusiliache hili? Yako mengine kumi na moja mazuri. Hili tulifanye njia ya kupita." Nilikuwa nimechoka, wapendwa, na zilikuwa zimebaki wiki chache nirudi nyumbani.

Akaniuliza kama nina Biblia kwenye simu. Akaniambia nisome Luka 13. Nilipofika kwenye maneno "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi," akanikatiza.

"Nani aupalilie?"

"Mtunzaji."

"Na samadi nani atie?"

"Yeye yeye, Mwalimu."

"Haya mwanangu. Kesho saa moja."

Angalieni lile neno "hata". Hapo ni Kiswahili cha wazee, maana yake "mpaka". Uuache mpaka niupalilie. Mtunzaji hamwombi bwana wake auache mti kwa sababu unatia huruma, wala hasemi labda mvua za mwakani zitakuwa nzuri. Anaomba muda kwa ajili ya kazi, na kazi hiyo anaiandika kwa jina lake mwenyewe. Mwenye shamba amekuja akatazama matawi na kuondoka. Atakayebaki na jembe na ndoo ya kinyesi cha ng'ombe ni yule aliyefungua mdomo.

Kwa hiyo tukalitengeneza tuta la saba. Siku ya kwanza tulikaa chini na ndoo, tukaokota mizizi yenye vifundo mmoja mmoja, kwa sababu mzizi wowote unaobaki unawaficha. Hiyo haiendi kwenye mboji. Tuliianika juu ya bati mpaka ikakauka, tukaichoma. Kisha tukalima kwa kina, tukaacha jua liingie. Wiki iliyofuata tukalima tena. Nililalamika moyoni kulima pasipopandwa kitu. Udongo uleule, jembe lilelile, na hakuna anayepita njiani akasema hongereni.

Halafu samadi. Samadi mbichi huunguza mimea, lazima iive, na Mwalimu alikuwa na lundo lake la mboji nyuma ya banda: majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo, tabaka juu ya tabaka. Katikati amechomeka mti mrefu. Kila baada ya siku kadhaa unauchomoa na kuushika. Ukiwa wa baridi, lundo limelala. Ukiwa mkavu na una unga mweupe, linataka maji. Asubuhi moja ya Agosti niliuchomoa ukatoka na mvuke kwenye ule ukungu, na nilipoushika chini uliniunguza kiganja. Nilisimama nao pale kama mtu aliyepewa fimbo. Ndani ya takataka zile, usiku kucha wakati sisi tumejikunyata kwenye mablanketi, kulikuwa na moto.

Tulibeba ndoo kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi hadi chini, siku tatu. Nguo zangu zilinuka, nywele zilinuka. Jumapili nilikaa kanisani nikijihisi bado nanuka.

Wahubiri wengi husema mtunzaji ni Kristo, nami nasema amina. Lakini zamani nilimwona Kristo huyo akituombea kwa mbali, kama wakili mwenye suti safi. Baada ya zile siku tatu nilisoma tena Yohana 1:14, "akakaa kwetu", nikalia. Yeye ndiye aliyesema "niutilie samadi". Alijua harufu yake. Alikuja kuitia kwa mikono yake.

Tusisahau pia mfano huu umesemwa wakati gani. Watu walikuwa wamemletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Swali lililokuwa hewani ni nani mwenye dhambi zaidi. Akawaambia watubu wote, na papo hapo akaanza habari za mtini. Sisi nasi swali hilo tunalipenda. Tunajua nani ametengwa na kanisa, nani amezaa nje ya ndoa, nani ameacha kwaya akarudia pombe, nani hajatoa ahadi mwaka wa tatu huu. "Uukate, mbona hata nchi unaiharibu?" Maneno hayo katika mfano ni ya mwenye shamba, na haki ya kuyasema ni yake. Mimi nimejikuta nikiyasema kama vile shamba ni langu. Na hata yule ndugu anaporudishwa kundini Jumapili, anaombewa mbele, tunampa mkono, kisha Jumatatu nani anakwenda kwake? Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mimi siendi.

Nina kaka yangu wa tumbo moja, yuko Muheza. Sitaeleza yote. Miaka minne sasa hatukai mezani pamoja, na kila usiku nimemtaja katika sala: Bwana, mpe muda, usimkate. Sala nzuri, na ninaamini Mungu ameisikia, maana kaka yupo hai. Lakini sala hiyo niliikatisha katikati. Nilisema "uuache mwaka huu nao" nikaweka nukta. Ile "hata" na yote yanayoifuata sijawahi kuyasema. Nauli ya Tanga hadi Muheza si kitu. Ni uvivu, na kiburi, na woga kwamba nitafika na hatanifungulia mlango.

Mwishoni mwa Septemba, siku tatu kabla sijaondoka, tulipanda kitu kwenye tuta la saba. Nilidhani Mwalimu ataleta vitunguu, ambavyo minyoo hao hawavipendi sana. Akaleta kifuko cha mbegu ndogo zenye kung'aa: marejea. Wengine wenu wa Ruvuma mtakuwa mnaijua, maana huko kusini mmisionari Mbenediktini, Padre Gerold Rupper, aliihimiza sana miaka ya 1980. Si mboga ya kupeleka sokoni. Unaipanda ikue, inarutubisha udongo na kuwapunguza minyoo fundo, na inapoanza kutoa maua ya njano unaikata na kuifukia palepale. Yaani baada ya kuokota mizizi, kulima mara mbili na kubeba samadi siku tatu, msimu mzima wa vuli tuta lile lisingetoa hata fungu moja la kuuza.

Niliuliza, "Mwalimu, na baada ya hapo karoti zitakuwa nzuri?"

Akasema, "Labda." Akaendelea kufukia.

Na Luka, kama mlivyosoma, hatuambii mtini ulizaa au haukuzaa. "Nao ukizaa matunda baadaye, vema! la, usipozaa, ndipo uukate." Mfano unaishia hapo, mtunzaji bado ana jembe mkononi. Zamani ilinikera. Sasa naona ndivyo siku zangu zote za Lushoto zilivyoisha jioni: kazi imefanyika, mavuno hayajulikani, mtu anaosha miguu mferejini na kwenda kula.

Nilimwagilia tuta la saba mara ya mwisho asubuhi ya kuondoka. Hakuna kilichokuwa kimechipua. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una harufu ya mvua ingawa mvua ilikuwa bado.

Jumamosi hii nakwenda Muheza. Sijamwambia kaka kwamba naja, kwa sababu nikimwambia ataniambia nisije. Nabeba mchele na sukari, na sina hotuba yoyote. Nikikuta mlango umefungwa nitakaa barazani mpaka jioni, na mwezi ujao nitarudi. Naomba mniombee, na mumwombee na yeye.